Mwalimu Anajibu: Mshairi kaja ukumbini kwetu

Wasomaji wapendwa, mwezi huu maswali karibu yote yamekuja juu ya kitu kimoja, jioni za mashairi zinazoandaliwa mitaani, kwenye kumbi za kata, maktaba, mikahawa na hata uani kwa watu. Mi nimefurahi sana manake kuna kipindi nilidhani mambo haya yamebaki kwenye mitihani tu. Nimefupisha barua kidogo, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Niko Tanga, tuna kikundi chetu cha vijana, tunataka kumleta mshairi mmoja mwenye diwani mbili, yaani vitabu vya mashairi, aje asome ukumbi wa kata. Amekubali ila ameomba nauli, pa kulala na posho kidogo. Sasa wenzangu kwenye grupu wamekuja juu, wanasema mashairi tu jamani, mtu anakuja kusoma karatasi saa moja alafu alipwe, kwani yeye hafurahi kusikilizwa? Naona aibu kumrudia. Nifanyeje, na shughuli yenyewe tuipangeje isibume?

Marahaba mwanangu. Mlipeni. Waulize wenzako hao, viti mnakodi kwa pesa au kwa shukrani? Spika je? MC? Mwenye jenereta? Wote hao wanalipwa na hakuna anayenung'unika, alafu yule ambaye watu wametoka majumbani kwa ajili yake ndo aambiwe ajitolee. Nyie ni watu wa kwao Shaaban Robert, aliyezaliwa hapo hapo Vibambani mwaka 1909, haipendezi mshairi aje Tanga arudi na deni la nauli. Kama mfuko ni mdogo mwambieni kiasi mapema kabisa, elfu hamsini ni elfu hamsini, atakubali au atakataa, ila asije akaambiwa stendi wakati anaondoka. Alafu mlangoni wekeni meza ya vitabu vyake na mtu wa kuuza anayejua bei, msimwache mshairi mwenyewe ahangaike kutafuta chenji huku watu wanataka kuongea nae. Na kutunza ni desturi yetu ya pwani, kwenye taarab tunatunza bila kuambiwa, basi wekeni na bakuli.

Kuhusu mpango wenyewe, hapa nitasema kwa urefu kidogo manake hapa ndo shughuli nyingi zinapoharibika. Shairi letu limetungwa kwa ajili ya sikio. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikuja kukusanywa na kuandikwa baadae sana, mwishoni mwa karne ile, na Mwalimu Sikujua akishirikiana na yule Mwingereza W. E. Taylor, na walipata vingi vya kuandika kwa sababu watu wa Mombasa walikuwa bado wanavyo vichwani. Miaka yote hiyo shairi lilibebwa na sikio na ulimi. Kwahiyo ukiandaa jioni ya mashairi kitu cha kwanza jiulize, je mtu aliyekaa kiti cha mwisho nyuma kabisa anasikia kila silabi? Kama hasikii hamna usomaji hapo, kuna mkusanyiko tu.

Sasa ukumbi wa kata naujua ulivyo, paa la bati, kuta tupu, feni inapiga kelele, na duka la jirani limefungulia redio. Nendeni siku moja kabla muda ule ule mtakaoanza, sikilizeni. Ongeeni na mwenye duka kwa upole, mnunulieni soda. Mwambieni fundi wa spika aondoe mwangwi kabisa, wale vijana wamezoea muziki, wanaweka mwangwi kwenye kila kitu na shairi likipita humo linakuwa uji. Mshairi ajaribu maiki kabla watu hawajaingia. Viti msivipange kama vya mkutano wa hadhara, pangeni nusu duara, watu wasogee. Angalieni saa za swala, baada ya Isha panakuwa patulivu zaidi kuliko kubanana kati ya Alasiri na Magharibi, na jamani msiweke siku ya Simba na Yanga, hata mimi sitakuja.

Alafu ratiba. Nimeona kumbi nyingi mgeni rasmi anaongea dakika arobaini, mwenyekiti wa mtaa anaongea, mfadhili anaongea, ikifika zamu ya mshairi watoto wameshalala mapajani mwa mama zao na watu wanaangalia saa ya daladala la mwisho. Mshairi aanze. Asome kama dakika ishirini, watu wapumzike wanywe chai, asome tena ishirini, ndo maswali, na wakubwa wasalimie mwishoni. Na mwombeni lile shairi zito alisome mara mbili, msione haya, jicho linaweza kurudi mstari wa juu ila sikio haliwezi. Mara ya kwanza watu wanashika sauti, ya pili ndo wanashika maana, utaona mwenyewe vichwa vinavyoanza kutikisika.

Mwalimu za saa hizi. Niko Morogoro. Nilienda kwenye usomaji, kijana akasoma mashairi yake kwenye simu, hayana vina, hayana mizani, mistari mingine ina neno moja. Mzee aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti "hii ni hotuba sio shairi", ukumbi nusu ukacheka, kijana wa watu akaendelea kwa taabu tu. Nani alikuwa sahihi?

Kwanza hilo la kumkatiza, hapana. Mtu akiwa anasoma anasoma, hata kama kila neno linakuudhi unasubiri amalize. Kijana yule pengine hatapanda tena jukwaani na sisi wote tumepoteza.

Ila swali la mzee lina umri mkubwa na wala sio la kijinga. Sheikh Amri Abedi, huyu ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 na msimamo wake ulikuwa kwamba shairi ni wimbo, lisiloimbika halijawa shairi. Watu wamelelewa na hiyo, wakajua ubeti una mishororo yake, mshororo una ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili, mizani (silabi) nane huku nane kule, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo chini. Alafu mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, akataka ushairi usogee karibu na lugha wanayoongea watu kila siku. Pakachimbika. Washairi kina Mulokozi na Kahigi wakasimama upande wa mabadiliko, wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, nao wakajibu kwa ukali kwamba huko ni kubomoa nyumba ya wazee, na wengine mpaka leo hawajasalimu amri. Kezilahabi amefariki mwaka 2020 na mabishano yapo, kama ulivyoyasikia mwenyewe nyuma ya kiti chako.

Mimi nasema ni mashairi, na nasema hivyo bila kusitasita. Nimesikia shairi huru likisomwa na ukumbi ukanyamaza mpaka unasikia feni, na nimesikia shairi lenye vina vyote na mizani yote likapita kama tangazo la mnada. Lakini vijana mnisikilize na nyie, shairi huru likipanda jukwaani lina kazi ngumu zaidi. Vina vinamshika msikilizaji mkono, anajua tuko wapi na mstari unaishia wapi, sasa ukiviondoa lazima umpe kitu kingine cha kushika, labda neno linalorudi rudi, labda kituo, labda pumzi, labda picha moja iliyonyooka isiyomchanganya. Wengi hawampi chochote, wanasoma kama meseji ya benki, wameinamia simu, hawajui wapi pa kunyamaza. Hapo mzee anasikia hotuba, na kwa usomaji ule ana haki ya kusikia hotuba.

Kwa waandaaji ushauri wangu ni kuwaweka pamoja usiku mmoja, mtu wa mapokeo na mtu wa huru. Na yule mzee mpeni maiki mwishoni ajibu kwa beti tatu zake, si kwa kuguna. Kujibizana ndo damu ya ushairi wetu, Muyaka alikuwa akitupa shairi na watu wanalijibu kwa shairi, mji mzima unafuatilia. Kijana akijibiwa kwa beti ataenda nyumbani kutunga.

Dada wa Kigamboni hapa. Mi sijawahi kwenda, naogopa kuonekana mshamba. Watu wanapiga makofi kila baada ya shairi au mpaka mwisho? Naweza kurekodi? Na mtoto wa miaka saba naenda nae?

Dada yangu nenda tu, huko hamna ushamba. Dar kuna sehemu kama Soma pale Mikocheni na Nafasi, wana shughuli za vitabu na sanaa na wanapokea kila mtu. Makofi ni pale roho inapotaka, kwenye shairi la kuimbwa hata katikati unaweza kusema "eeh" au "naam" na mghani, yaani anayeliimba shairi, anapata nguvu, kwenye shairi la kimya subiri kidogo, usiwahi, wacha mstari wa mwisho utue. Kurekodi muulize kwanza, nalijibu vizuri kule chini. Mtoto mpeleke, kaa nae karibu na mlango. Watoto wanadaka kibwagizo haraka kuliko sisi.

Mwalimu habari za huko, mie n'mtu wa Mombasa, natunga tangu shule lakini sijawahi kusoma mbele za watu. Vijana wenzangu wanasoma kwenye maiki za wazi, wengine pale kituo cha vijana cha Swahilipot, nami nimeandikishwa wiki ijayo na wallahi tumbo lanisokota. Nimetunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, beti kumi na nne. Nifanye nini nisiaibike?

Beti kumi na nne ni nyingi kwa mara ya kwanza, chagua sita zenye nguvu, zilizobaki zitapata siku yake. Chapa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, achana na simu, simu inazima kioo katikati ya ubeti wa tatu na hapo ndo mikono inaanza kutetemeka. Acha nafasi kubwa kati ya ubeti na ubeti ili jicho lisipotee.

Ukipanda salimia, taja jina la shairi, anza. Usiombe radhi kwamba sauti imekauka, kwamba wewe bado mwanafunzi, kwamba shairi halijakamilika, na usilieleze shairi lote kabla hujalisoma. Nawaona vijana wanaongea dakika tano kuelezea shairi la dakika mbili, sasa tukishaambiwa yote tunasikiliza nini?

Tarbia yako ina pumziko katikati ya mshororo, litumie. Mizani nane, pumzi, mizani nane, pumzi. Woga unamfanya mtu akimbie, anaunganisha ukwapi na utao kama anafukuzwa, vina vya kati vinamezwa na kazi yote uliyofanya kuvitafuta inapotea hewani. Soma taratibu kiasi cha kuona kama umezidisha, kwa wanaosikiliza itakuwa sawa sawa. Kama una sauti ya kughani na mahadhi unayajua, ghani, huko kwenu Mvita ndo asili yake, na kama huna usilazimishe, soma kwa sauti yako ya kawaida ila usifuate ule wimbo wa shuleni wa kupanda na kushuka kila mstari sawa, ule unalaza watu.

Na hiki kibwagizo chako usikae nacho peke yako. Tuseme chako ni "Nimekuja kusikia, nifungulie mlango". Ubeti wa kwanza kiseme mwenyewe, wa pili kiseme huku unawaangalia watu machoni, wa tatu nyamaza kwenye utao uone. Watamalizia wao. Wakishamalizia mara moja tumbo litaacha kusokota manake hauko peke yako tena pale juu.

Fanya zoezi mbele ya mtu mzima wa nyumbani, bibi au shangazi, mtu asiyejali kama wewe ni mshairi. Pale atakapouliza "umesemaje hapo?" weka alama, hapo unakula maneno. Na baada ya siku hiyo peleka shairi gazeti la Taifa Leo, wamekuwa wakichapa mashairi ya wasomaji miaka nenda rudi, ni uwanja mzuri wa kujibizana na watu usiowajua.

Mwalimu, sisi tulishakubaliana na mshairi, siku tatu kabla, mwenye ukumbi anasema anataka kuona mashairi yote kwanza kwa sababu kasikia huyu mtu anasema sema mambo ya siasa. Wenzangu wanasema tumtumie yale mepesi tu, mengine tumwambie mshairi ayaruke. Naomba jina na mji visitajwe.

Visitajwe. Mwanangu, msichague mashairi ya mtu nyuma ya mgongo wake. Mpigieni simu leo hii, mwambieni hali ilivyo kama ilivyo, yeye ndo aamue kama anakuja, anakuja na yapi, au haji. Anaweza akasema sawa nitasoma ya mapenzi na bahari, hiyo ni hiari yake. Ila kumfikisha jukwaani alafu mumwambie ruka ukurasa huu ni kumdhalilisha mbele ya wasikilizaji wake.

Na msishangae kwamba mashairi yana siasa, hayajawahi kukosa. Huyo huyo Muyaka alitunga juu ya ugomvi wa Mombasa na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kwa mafumbo makali. Mshairi wa Kenya Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kuuliza Kenya inaelekea wapi, akakaa ndani mpaka 1972, na huko gerezani akatunga, anaandika kwenye karatasi za chooni, mashairi yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Vijana wengi wanayasoma darasani bila kuambiwa hiyo habari na mimi inaniuma.

Kwa upande wa vitendo, vibali shughulikieni mapema, serikali ya mtaa ijue, afisa utamaduni ajue, mwenye ukumbi asipate kisingizio cha karatasi. Na muwe na mahali pa pili siku zote. Uani kwa mtu, mkahawa mdogo, chini ya mwembe wa shule kama mwalimu mkuu ni muelewa. Shairi halihitaji ukumbi wenye kapeti.

Assalaam alaykum Mwalimu. Sisi tuko Muscat, asili yetu Unguja, nyumbani tunaongea Kiswahili lakini watoto wakisikia mashairi wanasema hawaelewi. Tunataka kumwalika mshairi kwenye mkusanyiko wetu. Mmoja anasema tuweke tafsiri kwenye projekta wakati anasoma. Wewe waonaje?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Projekta iacheni. Ukiweka maandishi ukutani macho yote yanahamia ukutani, watoto watasoma Kiarabu au Kiingereza na mshairi anabaki kama redio imewashwa pembeni. Afadhali asome Kiswahili kwanza, kitupu, waache watoto wasielewe kwa dakika mbili hawatakufa, alafu aseme kwa maneno ya kawaida shairi linahusu nini, alafu asome tena. Ile mara ya pili watoto watakuwa wanawinda maneno.

Diwani za zamani zilikuwa na sherehe nyuma, yaani orodha ya maneno magumu yaliyoelezwa. Tengenezeni sherehe ya karatasi moja, maneno kumi na tano hivi ya yale mashairi atakayosoma, gawa mlangoni. Na mwombeni achague mashairi yanayowahusu. Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, ana diwani nzima juu ya kuwa mgeni ugenini huku una kwenu, N'na Kwetu, iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell upande wa ushairi mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa Muscat akaulizwa kila siku "nyie ni wa wapi" hahitaji kamusi kubwa kuingia humo. Haji Gora Haji wa Tumbatu, Mungu amrehemu, alitunga mashairi na nyimbo za taarab pia, wazee wenu hapo wataanza kuitikia kabla mshairi hajamaliza, na watoto wakimwona babu yao anaitikia watataka kujua anaitikia nini.

Mwalimu, kwenye usomaji wetu mtu anaruhusiwa kusoma shairi la mtu mwingine? Na tukirekodi tukaweka YouTube kuna shida?

Hili limeulizwa na wengi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Kenya ni 50 pia. Shaaban Robert alifariki 1962, kwahiyo muda wake umeshapita, someni, ghanini, rekodini, ila mtajeni. Kezilahabi bado sana, mpaka 2070. Na aliye hai ni wa kuulizwa moja kwa moja, meseji moja tu, wengi watafurahi na watasema ndiyo.

Mshairi mliyemwalika nae ni vivyo hivyo, kukubali kusoma ukumbini sio kukubali kurushwa laivu. Anaweza kuwa na mashairi mapya ambayo hayajachapishwa na hataki yazunguke kabla ya kitabu. Muulizeni kabla, muandikiane hata kwa WhatsApp, yapi ndiyo na yapi hapana, na kama ile chaneli inaingiza pesa mkubaliane mgao wake. Mkishaweka klipu, jina la mtunzi liwe juu kabisa, kabla ya jina la kikundi na kabla ya jina la mfadhili, na chini yake muweke namna ya kupata kitabu chake.